Lango la Jirani na Njia ya Wote

Yamezuka mitaani mwetu mabishano ambayo wengi huyaona madogo, nasi twayaona yana uzito. Wakazi wataka kuipunguza njia upana, wapande miti na kusimamisha mawe kandoni, ili magari yaende polepole na watoto wasalimike. Nia hiyo ni njema. Lakini jirani aliye mkabala na mawe hayo hawezi tena kuingiza gari nyumbani kwake, na pengine ana mzazi asiyejiweza kwa miguu.

Hujibiwa kwamba dhiraa 7 zimebaki. Hadithi ya dhiraa 7 ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, nayo ni hukumu ya wanaogombania upana wa njia. Hizo ni kama mita 3.5, gari hupita bila taabu. Ama kukata kona kuingia langoni ni jambo jingine: magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, hukatiza kwa ndani, na kadiri njia ilivyo nyembamba ndivyo lango lihitajivyo kuwa pana. Apimaye njia asilipime lango hajamaliza kupima.

Twasema mawe yasogezwe mbali na lango, na gharama wabebe wote wanaofaidika. Wala jirani asidhani amemilikishwa njia. Haki yake ni kuingia na kutoka, si kuegesha hapo kutwa. Na kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, aitwe aje na gari lake, ajaribu kuingia mbele ya wenye kamba na vigingi.