Je, Jiwe Laweza Kudhulumiwa?

Kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, limelala jiwe ambalo si la nchi hii wala la nchi yoyote ya dunia. Watu huliita Kimondo. Urefu wake ni mita 3 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na tani 16. Sehemu 9 katika kila 10 za mwili wake ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni nikeli. Kimondo hiki kilianguka kutoka angani zamani sana, hata shimo la kishindo chake limekwisha kufukiwa na mvua na mizizi ya karne nyingi. Walimwengu wa mbali walipata habari zake mwaka 1930. Wenyeji walikijua kabla ya hapo. Mwaka 1967 Serikali ilitangaza kwamba kitalindwa kama kumbukumbu ya taifa.

Nilikiona mara ya kwanza katika miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, wakati Mbozi ilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Tulifika vijana zaidi ya thelathini juu ya lori la kukodi. Mwalimu alipokuwa akieleza habari za nyota na sayari, mimi nilitoa msumari mfukoni, nikakwangua juu ya chuma kile herufi ya kwanza ya jina langu. Ilikuwa kazi ngumu. Msumari ulipinda, na alama iliyobaki ilikuwa nyembamba kama unywele. Mzee mlinzi aliniona. Hakunipigia kelele wala hakunishtaki kwa mwalimu. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, umemwandikia nani?"

Nilimjibu kwa ujeuri wa ujana, "Babu, hili ni jiwe. Halisikii wala haliumii. Nimelikosea nini?"

Mzee alicheka kidogo, akaenda zake. Naandika insha hii kwa sababu swali lake sikulijibu siku ile, na langu halikujibiwa.

Tulitazame kwanza swali la kijana yule bila kulidharau, maana lina hoja ndani yake. Dhuluma ni kumnyima mwenye haki haki yake. Mwenye haki ni yule awezaye kupata hasara: aliaye akipigwa, aonaye njaa akinyang'anywa, aonaye haya akitukanwa. Kimondo hakina hata moja katika haya. Kimepita katika moto wa anga, kikaigonga ardhi, kikakaa juani na mvuani miaka isiyohesabika. Msumari wa mwanafunzi ni kitu gani kwake? Wapo wasemao kwamba kila kilichoumbwa kina haki kwa kuwa tu kimeumbwa. Siwabezi, lakini sina haja ya kwenda nao umbali huo. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba jiwe limeumia, watamcheka, na kicheko chao hakitakuwa bila sababu. Basi na tukubali: jiwe haliwezi kudhulumiwa.

Hata hivyo, kukubali huko hakumwachii huru kijana. Mtu avunjapo dirisha la shule hakukidhulumu kioo, lakini yupo aliyekosewa. Aandikaye matusi juu ya kaburi hakumwumiza maiti, lakini yupo aliyekosewa. Kwa hiyo tulilopaswa kuuliza tangu mwanzo si kama jiwe limeumia. Tuulize: ni nani anayekosewa kwa njia ya jiwe?

Katika mila zetu na katika dini zetu, hapana mali iogopwayo kama mali ya yatima. Sababu yake si kwamba yatima ana nguvu, bali kwamba hana. Mkubwa akidhulumiwa atakwenda barazani kudai. Yatima hajui hata kama kuna cha kudai. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa shamba la yatima huruhusiwa kulilima na kula jasho lake, lakini haruhusiwi kuliuza wala kung'oa mibuni iliyopandwa na marehemu. Siku mtoto atakapokua, hesabu itatakiwa.

Sasa wako mayatima walio wanyonge kuliko hao. Ni wale ambao hawajazaliwa. Hawana kilio, hawana shahidi, na hakuna baraza ambalo watasimama ndani yake leo. Kila kitu ambacho hakuna binadamu aliyekitengeneza, na ambacho hakuna binadamu atakayeweza kukitengeneza tena, ni shamba lao lililo mikononi mwetu. Shule ikibomoka tutaijenga upya. Daraja la zege likichukuliwa na mafuriko tutaweka jingine. Lakini pale Rungwe, mahali ambapo mto Kiwira umepenya chini ya mwamba wa volkano na kuacha lile Daraja la Mungu, hapana fundi atakayeitwa kurudishia mwamba huo siku utakapovunjwa. Ndivyo lilivyo pia Ziwa Ngozi ndani ya kasoko yake, na ndivyo kilivyo Kimondo.

Fikira hii si ngeni katika taifa letu. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha ambamo ulinzi wa wanyamapori na makao yao ulipokewa kama amana kwa ajili ya watoto na wajukuu. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 27, humpa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi. Haikusema kila mlinzi aajiriwaye. Ilisema kila mtu.

Hapa msomaji mwenye akili ataniuliza: Je, amana haiguswi kabisa? Jibu limeandikwa juu ya Kimondo chenyewe. Ukikizunguka utaona pembeni mwake makovu ya kukatwa. Baadhi ni ya watu waliotaka kipande cha kuweka nyumbani, wawaonyeshe wageni. Jingine ni la mtaalamu wa miamba ambaye, mwezi Desemba 1930, alitumia msumeno kwa saa 10 ili kupata kipande cha sentimita 10 hivi. Chuma ni kile kile na jeraha ni lile lile. Lakini je, matendo ni mamoja? Nionavyo mimi, hapana. Kwa vipande vya uchunguzi tumejua Kimondo kimefanywa na nini, na maarifa hayo hayapungui kwa kugawanywa. Kipande cha mpambaji nyumba kilimfaa yeye peke yake, na siku alipokufa hakikumfaa mtu.

Basi kipimo changu ni hiki: kilichochukuliwa katika amana kimewarudia nani? Kikiwarudia wenye amana, waliopo na wajao, huko ni kutumia. Kikiishia kwa mmoja, huko ni kula mali ya yatima. Nakiri kwamba kipimo hiki kinamwuma hata mtaalamu. Maarifa yaliyopatikana kwa msumeno ule yaliandikwa kwa lugha ya kigeni na kuwekwa mbali na mtoto aliyezaliwa chini ya kilima cha Marengi. Mpaka mtoto huyo atakapoyasoma darasani kwa lugha aijuayo, deni la saa 10 zile halijalipwa lote.

Lakini kipimo ambacho hakijawahi kukutana na njaa bado hakijapimwa. Tuondoke Mbozi twende mashariki, mpaka Uwanda wa Kitulo, uliopo kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wengi huuita Bustani ya Mungu, na aliyeuona wakati wa masika hatauliza kwa nini. Humo zimehesabiwa aina 45 za okidi pamoja na mamia ya mimea mingine. Chini ya okidi nyingi kuna kiazi kidogo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, viazi hivyo hupondwa pamoja na karanga, vikapikwa chakula kiitwacho chikanda. Biashara ya chakula hicho ilipokua, wanunuzi waliingia katika nyanda zetu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 viazi vilivyokuwa viking'olewa kila mwaka vilikadiriwa kwa mamilioni. Kiazi kikichimbuliwa, ua lake halirudi. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na kuchimba kukawa kosa.

Mfikirie mama mwenye jembe dogo, aliyekwenda uwandani alfajiri kwa sababu ada ya mtoto wake haijalipwa. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Je, tumwambie mama huyu kwamba ua lina haki kuliko mwanawe? Mimi sithubutu, na mtu asemaye hivyo akiwa ameshiba hastahili kusikilizwa. Mtoto wa mama huyu ana haki ya kula na kusoma, na ua halina haki.

Lakini tupime. Katika gunia lile la viazi, mama alipata fedha kidogo, na mchuuzi wa mbali alipata nyingi. Mwaka uliofuata mama alikwenda mbali zaidi kutafuta gunia lile lile. Mwanawe alipokua hakukuta okidi wala fedha. Kumbe aliyekula shamba la yatima hakuwa mama. Mama alitumwa tu kulichimba, na yatima mwenyewe alikuwa mtoto wake. Kwa hiyo katazo lilikuwa la haki.

Katazo la haki, hata hivyo, linaweza kutekelezwa kwa dhuluma. Ikiwa Kitulo ni amana ya taifa zima, basi gharama ya kuitunza ni ya taifa zima. Wakazi wa jirani wakipoteza malisho na kipato kwa ajili ya ua ambalo linawafurahisha watu wa miji ya mbali, nao wakaachwa hivyo hivyo, wachache hao wamelipishwa deni la wote. Jirani wa hifadhi anastahili kuwa wa kwanza katika ajira zake, katika faida ya wageni wake, na katika shauri la mipaka yake. Nimetumikia ofisi za umma muda mrefu, nami najua ilivyo rahisi kupiga mhuri juu ya ramani bila kumwona mtu anayeishi ndani ya mstari uliochorwa. Mlinzi asiyewatazama majirani wa shamba si mlinzi mwema wa yatima.

Tena majirani hawa ndio wajuao. Katika misitu ya Mlima Rungwe na ile ya Livingstone, iliyo jirani na Kitulo, yupo nyani mwenye mkia mrefu na kishungi kichwani. Wataalamu walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka 2006 wakaona kwamba hafanani na yeyote kiasi cha kustahili jenasi yake peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Ulimwengu ulistaajabu. Lakini wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua na jina wamekwisha kumpa: kipunji. Laiti misitu ile ingekuwa imekatwa mkaa wote kabla ya mwaka huo, tungalipoteza kitu ambacho vitabu havikujua kama kipo. Na hiyo ndiyo hoja ya kumsaidia mlinzi wa yatima anayesitasita: mara nyingi hatujui thamani ya tulichokabidhiwa. Asiyejua bei ya kitu asiharakishe kukiuza.

Zamani kazi hii ya ulinzi ilifanywa na mwiko. Mahali palipokuwa na mwiko hapakukatwa mti, na hapakulipwa mshahara. Baadaye ikaja sheria. Vyote viwili vina heshima yake, lakini vina udhaifu mmoja: mwiko humlinda yule aaminiye, na sheria humzuia yule aonwaye. Mimi na msumari wangu hatukuamini mwiko, na tulidhani hatuonwi na sheria. Kilichokosekana kwangu kilikuwa kujua. Laiti ningalijua kabla ya safari ile kile nilichokuwa nikikigusa, na ni nani wanaokingoja, nadhani mkono ungaliona haya.

Walimu, kazi hiyo ni yenu. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila shule ya sekondari katika nchi hii ina karibu yake mwamba, poromoko, chemchemi, pango au mti ambao haupo pengine popote. Wanafunzi na waufungulie daftari: wazee wanauitaje, husimuliwa nini juu yake, kiangazi na masika hubadilikaje, nani hupata riziki kwake, na ni nini kimepungua tangu daftari la mwaka jana. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Kijana aliyekwisha kuandika habari za mwamba katika daftari hatatamani kuandika jina lake juu ya mwamba.

Miaka mingi baada ya safari ile, kazi ilinipeleka tena Mbozi. Nilikizunguka Kimondo mara mbili nikiitafuta herufi yangu, sikuiona. Labda kutu imeifuta. Labda imefunikwa na mikwaruzo ya vijana wengine waliokuja na misumari yao. Yule mzee hakuwapo tena. Pale alipozoea kusimama walisimama watoto wa shule na mwalimu wao, na mmoja wao alikuwa akilipima jiwe kwa urefu wa mikono yake, akihesabu kwa sauti. Hapo nililipata jibu nililodaiwa. Nilikuwa nimemwandikia mtoto yule, bila kumwuliza, katika daftari lake.