Bawabu Si Mwenye Nyumba

Je, ni haki kijana wa Marekani ashindwe kuingia chuo cha kijeshi cha West Point au Annapolis kwa kukosa pendekezo, ambalo aghalabu hutoka kwa mbunge au seneta wake? Utaratibu huu una hekima yake: kila mbunge ana nafasi zisizozidi 5 kwa wakati mmoja katika kila chuo, hivyo maofisa hutoka kila pembe ya nchi, si katika koo chache za wanajeshi. Atasema mtu kwamba hapo ndipo upendeleo unapopenyea. Ni kweli, ingawa pendekezo halimwondolei kijana vipimo vya masomo, afya na nguvu za mwili. Tena chuo cha Walinzi wa Pwani hakidai pendekezo, na maofisa kinatoa. Basi haki haitokani na mkono unaofungua mlango, bali na kipimo kilicho wazi kwa wote. Mbunge ni bawabu, si mwenye nyumba.