Mtoto Husikia Kwanza, Ndipo Husoma

Soma Matendo 16:1, 2 Timotheo 1:5, 3:15.

Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, lakini Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto. Paulo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike. Siku zile magombo yalikuwa machache. Wengi waliyajua Maandiko kwa kuyasikia yakisomwa.

Mara nyingi humwambia mtoto, "Nenda kasome," huku sisi tumeshika simu. Jioni hii, wakati wa ibada, mpakate. Msomee kisa cha Daudi na Goliathi kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. Akisema, "Tena!" usichoke. Anajifunza kuipenda Biblia kabla hajazijua herufi.

Mtoto wa nyumbani mwako alikusikia lini mara ya mwisho ukimsomea Neno la Mungu?