Ketini Kwanza, Mhesabu

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni, vijana wa Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi, nanyi wazazi mnaoombwa pesa bila kuelezwa ni za nini, nawaandikia juu ya kadi ya michoro, kile kipande cha kompyuta ambacho vijana hukiita GPU. Asiniambie mtu kwamba hili ni jambo dogo lisilofaa mahubiri. Mahali penye robo milioni ya shilingi, pana moyo wa mtu, na mioyo ninayoililia ni ya watoto wetu.

Itajeni bei kwa sauti. RTX 5090, kadi kuu ya kampuni ya NVIDIA kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta, ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni karibu shilingi 258,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, unakaribia 300,000, na hapo hujalipa nauli wala tozo nyingine za forodha. Tena hata huko ng'ambo wengi wameinunua kwa zaidi ya bei iliyotangazwa. Mzazi unayepanda ndengu, chukua hizo 300,000, uzigawanye kwa bei uliyouzia gunia msimu uliopita. Usipige hesabu hii kichwani. Tafuta kalamu. Kumbuka pia miaka ya 2020 hadi 2022, mvua ilipotukataa msimu baada ya msimu, ujiulize kama shilingi hizo ungezitoa mkononi miaka ile.

Katika Luka 14, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Hakumkataza mnara. Alimtaka aketi kwanza ahesabu. Nami sikatazi mchezo, wala sisemi kuna dhambi katika kijana kucheza mpira kwenye skrini na wenzake jioni. Ninachotaka ni mketi.

Mkishaketi mtaona kwamba kadi hii haiji peke yake. Inapofanya kazi kwa nguvu zote hula wati 575, na walioiunda wanashauri pawasaplai ya wati 1,000. Sasa tazama kompyuta iliyo mezani kwako. Wengi wetu tunatumia Dell OptiPlex iliyokwisha kutumika kwingine, na pawasaplai yake mara nyingi haifiki wati 300. Kuitia kadi hiyo humo ni kufunga injini ya lori kwenye mkokoteni wa punda. Itabidi ununue kasha, pawasaplai, prosesa na skrini. Skrini yenyewe ndiyo inayosahauliwa kabisa! Ikiwa televisheni yako inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, kadi ikichora 200, macho yako yataziona 60 zile zile. Kadi hii iliundwa kwa ajili ya skrini za 4K zenye kasi kubwa. Kama huna, umelipia uwezo ambao hutauona kamwe.

Kisha umeme. Kompyuta nzima ikila wati 800 kwa saa tano kila siku, ni uniti 4 kwa siku, uniti 120 kwa mwezi. Kwa viwango vya Kenya Power, nyumba inayotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, na inayozidi 100 kwa wastani hulipa ya juu. Chumba kimoja cha kijana kinaweza kuitoa nyumba ya mama yake ngazi ya chini hadi ya juu, na taa, redio na friji hazijahesabiwa. Mama ananunua tokeni, zinaisha katikati ya wiki, naye hajui zimekwenda wapi. Mwambie! Na wewe wa Mtito Andei au Kibwezi, unayelala chini ya mabati, fikiri wati hizo zote zinageuka joto chumbani mwako mwezi wa Februari.

Kuna jambo linalonichoma zaidi, nalo ni ahadi. Januari 2025 mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, alisimama Las Vegas akasema kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090, kadi iliyouzwa dola 1,599 ilipotoka 2022. Lakini mlinganisho huo uliegemea fremu zinazotungwa na akili unde: kwa kila fremu iliyochorwa na mchezo, hadi tatu zinaongezwa kwa makisio. Picha inateleza vizuri, ni kweli. Mkono wako haupati wepesi huo, kwa maana mchezo wenyewe haukukimbia zaidi. Basi mtu akikutajia idadi ya fremu, muulize ngapi zimechorwa kweli.

Tena jueni jinsi kilele kinavyoshuka. RTX 3090 Ti ilitoka Machi 2022 kwa dola 1,999. Januari 2023, kabla mwaka haujaisha, RTX 4070 Ti ya dola 799 ilikuwa ikikaribiana nayo katika michezo mingi. Aliyekopa kwa simu kuinunua ile ya kwanza alibaki akilipa deni la fahari iliyokwisha pita. Na wengi wa wale mnaowatazama wakifungua kadi mpya mbele ya kamera hawakuinunua. Walipelekewa. Wewe hutapelekewa!

Kijana wangu, kadi ya kati inakutosha. RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12 ilitoka 2021 kwa dola 329, na mpaka leo inachezesha mpira na GTA V kwenye skrini ya kawaida bila kukwama. Hakuna atakayekudharau ila yule aliyekuwa akikudharau tangu zamani.

Sasa nakugeukia wewe mwenye kazi. Unahariri video za harusi, unachora katuni kwa programu ya Blender, au unasoma chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza na unataka kufunza modeli za akili unde. Kwako kumbukumbu ya GB 24 au 32 ni jembe. Lakini hata jembe lina hesabu: nani amekwisha kukulipa, wala si nani ataweza kukulipa? Kabla ya kununua, kodi kadi kama hiyo kwa saa kupitia intaneti, umalize kazi moja, uone imebaki faida gani.

Na kama faida ipo, kwa nini ununue peke yako? Sisi ni watu wa mwethya, wa kufanya kazi kwa pamoja. Mabwawa ya mchanga yanayotunza maji katika mito yetu mikavu yalijengwa na vikundi, akina mama wakibeba mawe kwa zamu. Wahariri watano wa Wote wanaweza kumiliki kompyuta moja, wakaandika zamu, wakagawana tokeni, na mkataba wao ukatiwa sahihi mbele ya wazee.

Na wewe uliyekwisha kuinunua, usiifiche wala usiiuze kwa hasara kwa sababu ya maneno yangu. Pakua Blender, haina bei. Jumamosi umwite mtoto wa jirani anayechora kwenye daftari la hesabu, umpe kiti, umwonyeshe kitufe cha kwanza.