Kulenga Shabaha na Kubeba Bastola: Je, ni Jambo Moja?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Muhula huu kamati ya michezo ya jumuiya yetu imepokea pendekezo. Katika siku ya michezo, mbali na mpira na mbio, wanachama watakaopenda wapelekwe kwenye shamba moja nje ya Lilongwe, wafundishwe kulenga shabaha na mtu mwenye leseni ya bunduki. Waliolileta wanasema kulenga ni Sunna. Waliolipinga, na wengi wao ni sisi tunaotoka Dzaleka, wanasema bunduki si mchezo. Katikati ya mabishano ndugu mmoja, ambaye familia yake ina duka mjini, akaongeza lake: akishamaliza shahada ataomba kibali cha bastola, aibebe kiunoni chini ya koti kila aendako, kwa sababu majambazi hawana likizo. Baadhi wakapiga takbira, wengine wakatoka nje.

Kura itapigwa baada ya wiki mbili. Kabla hatujafika huko ningependa tutenganishe mambo ambayo siku ile yalichanganywa kwenye chungu kimoja. Kujua kulenga ni jambo moja. Kumiliki silaha ni jambo la pili. Kutembea nayo imefichwa miongoni mwa watu ni jambo la tatu. Hoja inayotosha kwa la kwanza si lazima itoshe kwa la tatu.

Nianze kwa kusema ninapotoka, ili msomaji ajue jicho linaloandika. Nimekulia Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu elfu kumi na ushee. Leo tuko zaidi ya 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha sokoni. Wazazi wangu walitoka Kivu Kusini. Upepo wa Agosti ukipiga bati la jirani kwa nguvu, mama huacha anachofanya na kuhesabu watoto. Sisi sote ni watu wazima sasa, lakini bado hutuhesabu.

Na kwetu neno kibali lina maana moja tu: karatasi ya kukuruhusu kutoka kambini. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka sharti juu ya uhuru wa mkimbizi kwenda atakako, na mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Kwa hiyo nilipomsikia mwenzangu akizungumzia kibali cha kubeba bastola, niliona jinsi neno moja linavyoweza kuishi maisha mawili katika darasa moja. Nasema hivi bila kumlaumu. Nataka tu ajue kwamba tunaposikia neno bunduki, hatusikii kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye dini, maana ndiko hoja ilikoanzia.

Walioleta pendekezo wana msingi. Aya ya 60 ya Surat al-Anfal inaamrisha maandalizi ya nguvu, na katika Sahih Muslim, Uqba bin Amir (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kulenga, akalirudia neno hilo mara tatu. Bukhari amepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) kuwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale. Aliwahimiza, akasema yuko upande wa kundi mojawapo. Kundi la pili likasita kulenga, likaona vipi lishindane na upande alioko Mtume. Basi akawaambia yuko pamoja nao wote. Na pale wanazuoni wanapozungumzia zawadi ya mashindano, kulenga kumo katika mambo machache yaliyotajwa kwa jina kuwa zawadi yake inafaa, pamoja na mbio za farasi na ngamia. Anayesema kwamba mchezo wa kulenga ni upuuzi au uhuni anasema neno lisilo na mashiko.

Na huu mchezo, ukiutazama kwa karibu, ni shule ya subira. Katika shindano la Olimpiki la bunduki ya upepo la mita 10, duara la alama kumi lina upana wa nusu milimita, kama nukta ya kalamu. Mchezaji hupiga risasi 60 katika dakika 75. Anayeshindwa kutuliza pumzi na moyo wake hafiki popote. Waislamu wamefika: Ahmed bin Hasher Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alipata dhahabu Athens mwaka 2004, na Fehaid Al-Deehani wa Kuwait akaipata Rio mwaka 2016. Mwaka 2024 kule Paris dunia nzima ilimtazama Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni, bila mbwembwe za vifaa, akichukua fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Hakuna aliyemwogopa mzee yule. Walimpenda kwa utulivu wake.

Lakini Sunna haikuishia kwenye kusifu kulenga, na hapa ndipo wenzetu walipokatiza nusu ya somo. Mtume (s.a.w.) yule yule aliyehimiza mishale alimwamuru mtu anayepita msikitini na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa alani. Alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Alikataza kumwelekezea ndugu yako chuma, hata kama ni ndugu wa baba na mama, na akatoa sababu: hujui, huenda Shetani akauvuta mkono wako. Na Abu Dawud amepokea kwamba Masahaba walipomtania mwenzao aliyelala hadi akaamka kwa hofu, Mtume (s.a.w.) alisema si halali kumtia Mwislamu hofu.

Ukienda leo kwenye uwanja wowote wa kulengea shabaha wenye nidhamu, mambo ya kwanza anayofundishwa mwanagenzi ni haya: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi; usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu; kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka jicho liwe kwenye shabaha; ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Anayevunja mojawapo huondolewa. Mwenye kuzijua Hadithi nilizozitaja hatashangazwa na kanuni hizi.

Tazameni vizuri sababu ile ya Shetani kuvuta mkono. Haikusemwa juu ya mtu mbaya. Imesemwa juu ya mtu na ndugu yake, wanaopendana, pengine wanafanya mzaha. Maana yake adabu ya silaha haijengwi juu ya dhana kwamba mwenye silaha ni mwema. Imejengwa juu ya ukweli kwamba hata mwema ana mkono unaovutika.

Kwa msingi huu ndipo naliangalia lile jambo la tatu, bastola chini ya koti. Nami sitaki kulishinda kwa kuchagua mfano dhaifu, kwa hiyo nachukua ulio na nguvu kuliko yote ninayoijua katika ukanda wetu. Tarehe 21 Septemba 2013 wauaji walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Abdul Haji, Mwislamu, mwana wa mwanasiasa Yusuf Haji wa Garissa, alipata ujumbe wa simu kwamba ndugu yake amekwama ndani. Alikuwa na bastola aliyokuwa na leseni nayo. Aliingia, na pamoja na raia wengine wenye silaha na askari wachache wakawatoa watu, waume kwa wanawake na watoto, bila kuuliza dini zao, wakati wauaji wakiua kwa kujidai wanaitetea dini hii hii. Baadaye yeye mwenyewe akawa seneta wa Garissa. Nani kati yetu atasimama aseme kwamba siku ile ingekuwa heri bastola ile ingebaki nyumbani? Mimi siwezi. Na tunayo Hadithi kwamba anayeuawa akitetea mali yake, nafsi yake, dini yake au watu wake ni shahidi.

Basi mwenye duka anaweza kuniambia: umeshajijibu. Tena ataongeza kwamba bastola kwenye kifuko chake kizuri ni sawa na mshale ulioshikwa ncha.

Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba kifuko kinazuia ajali, hakizuii hasira. Yule aliyeingia Westgate alifanya tendo la saa chache. Anayebeba kila siku anawaomba wote walio karibu naye, bila wao kujua kwamba wameombwa, wamwamini kila siku ya mwaka: asikasirike foleni ya magari ikimkwaza, asiiache mtoto akaikuta, asimdhanie mgeni kuwa mwizi kwa sura yake au lahaja yake. Hata siku ile ya Westgate iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za askari wa upande wake, na hao ni watu waliofunzwa kwa miaka. Mshale wa msikitini kila mtu aliuona na akajua ajihadhari. Bastola iliyofichwa haimpi jirani hata nafasi hiyo.

La pili ni juu ya kile ambacho mazoezi humfanya mtu kuwa. Kuna aina ya mashindano iitwayo IDPA, iliyoanza Marekani mwaka 1996 na ambayo huchezwa pia Kirigiti, Kiambu, ambamo mchezaji huchomoa bastola aliyoificha chini ya nguo na kupiga vibao vyenye umbo la kichwa na kifua. Sisemi ni haramu. Kibao si kiumbe chenye roho, na usalama wao ni mkali. Lakini jicho linalozoea duara linajifunza utulivu, na jicho linalozoea kifua linajifunza jambo jingine. Anayeweka bastola kiunoni kila asubuhi analijibu swali ambalo wengi wetu hatuliulizwi: leo, ikibidi, niko tayari kumuua nani? Kulijibu mara moja katika dharura ni mtihani. Kulijibu kila asubuhi mpaka liwe kama kuvaa saa ni hatari kwa moyo.

Kwa hiyo mizani yangu ni hii. Kubeba kwa siri ni katika mambo ya dharura, na wanazuoni wametufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mfanyabiashara aliyetishwa, aliyechunguzwa na sheria, asiye na njia nyingine, simhukumu. Lakini mwenye njaa aliyeruhusiwa kula nyamafu haalikwi kuisifia ladha yake, wala hawafundishi vijana kwamba huo ndio uanaume. Na linaloruhusiwa kwa dharura haliwezi kutetewa kwa Hadithi za michezo ya Aslam.

Tena dini hii hii inayosifu kulenga ina mlango mwingine. Katika Surat al-Maida mmoja wa watoto wawili wa Adam anamwambia nduguye kwamba hata akinyoosha mkono kumuua, yeye hatanyoosha wake. Na zimepokelewa Hadithi za nyakati za fitna zinazoagiza pinde zivunjwe, na kisa cha Sahaba Uhban bin Sayfi aliyejitengenezea upanga wa mti. Wenzangu wa Dzaleka wanaouogopa mtutu si waoga wala si dhaifu wa imani. Wengi ni watoto wa watu waliokataa kushika bunduki katika fitna, wakachagua kupoteza shamba na nyumba. Usiku kambini ukipigwa ukunga, hakuna mwenye bastola. Milango hufunguka na watu hutoka na tochi. Huo nao ni ulinzi, na haukuombewa leseni.

Narudi kwenye kura. Nitaunga mkono kulenga shabaha, kwa masharti manne. Tuanze na upinde au bunduki ya upepo, si bunduki ya risasi. Shabaha ziwe duara, si umbo la mtu. Adabu za silaha, za Sunna na za uwanjani, zifundishwe kabla mkono haujagusa kitu. Na uwanja uwe mbali na hema za wanachama wengine, na ratiba itangazwe mapema, ili asiwepo hata mmoja atakayeshtushwa na mlio asioutarajia. Kwa maana hofu ya Mwislamu si kitu cha kuchezea. Yakikosekana hayo nitapiga kura ya hapana.

Na kwa ndugu yangu mwenye duka: duka lako lina haki ya kulindwa, nawe una haki ya kurudi nyumbani salama. Nakuomba kabla ya kujaza fomu ya kibali uwaulize wale watakaokaa nawe safu moja ya Swala ya Ijumaa kama wangetaka kujua. Jibu lao nalo ni sehemu ya fatwa.

Allah atuhifadhi sisi na mikono yetu. Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.