Mpangaji kupanda mti: Hasara au sadaka?

KATIKA miji yetu ya Mbeya na Iringa, Waislamu wengi, hasa vijana wenye familia changa, wanaishi katika nyumba za kupanga. Nyuma ya nyumba hizo mara nyingi kuna uwanja mdogo, pengine hatua kumi kwa kumi na tano. Uwanja huo hufagiliwa kila asubuhi ukabaki udongo mtupu na kamba ya kuanikia nguo. Ukimuuliza mpangaji kwa nini hapandi kitu, jibu lake huwa moja: "Nipande mti ili ale mwenye nyumba?"

Ndugu msomaji, tusilipuuze jibu hili kwa kulita uvivu. Hii ni hoja ya haki. Mkataba wa mpangaji ni wa miezi sita au mwaka. Mparachichi wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na ule uliooteshwa kwa kokwa unaweza kuchukua miaka saba au zaidi. Sisi walimu na watumishi tunaohamishwa tunaijua vizuri hesabu hiyo. Basi swali ni hili: je, ipo sababu ya mtu kutaabikia tunda ambalo anajua wazi kuwa hatalila?

Kwanza tuangalie kile tunachokiacha. Mji wa Mbeya upo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ukiteremka Rungwe, utaona nyumba zimezungukwa na migomba, kahawa, miparachichi na magimbi, vyote katika kipande kimoja cha ardhi. Ndugu zetu wa Kilimanjaro nao wana kihamba, ambacho ni msitu wa chakula mlangoni mwa nyumba. Utaratibu wake hauna siri kubwa. Mti mrefu unakaa juu, mti mfupi kama mpichi au mlimau unakaa chini yake, mgomba unasimama pale panapomwagika maji ya kuoshea vyombo, mpasheni unapanda kwenye uzio, na majani ya maboga yanaifunika ardhi isikauke. Maganda ya jikoni na majani makavu, badala ya kuchomwa moto, yanarudi kwenye shina kuwa mbolea.

Anayesoma Qur'an hapaswi kushangazwa na bustani ya namna hii. Katika Suratul An'am (6:141) Allah (S.W.) anataja bustani zinazotambaa na zisizotambaa, mitende na mimea ya vyakula mbalimbali, kisha anaamrisha watu wale matunda yake, watoe haki yake siku ya mavuno, na wasifanye israfu. Katika Suratur Ra'd (13:4) tunakumbushwa kuwa vipande vya ardhi vinapakana na kunyweshwa maji yale yale, lakini ladha za mazao zinatofautiana, na hayo ni mazingatio kwa wenye akili.

Pamoja na neema hiyo, tuna aibu tunayoificha. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa, ambao ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa, ni zaidi ya nusu. Mbeya ni karibu theluthi moja. Udumavu una sababu nyingi: maradhi, maji machafu, mama kuzidiwa na kazi, na mtoto kulishwa ugali au uji mtupu siku hadi siku. Bustani ya uani haiwezi kuyatibu yote hayo. Lakini sahani isiyo na mboga wala tunda, katika ardhi inayootesha kila kitu, ni jambo ambalo mzazi ataulizwa.

Sasa turudi kwa mpangaji wetu. Amesimulia Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mitende la Ummu Mubashir, mwanamke wa Kiansari, akauliza ni nani aliyeipanda mitende ile, Muislamu au kafiri. Alipojibiwa kuwa ni Muislamu, akaeleza kuwa Muislamu hapandi mti wala mmea, akala humo mtu, mnyama au kitu chochote, ila huwa ni sadaka kwake. Tuzingatie swali la Mtume (S.A.W.). Hakuuliza shamba ni la nani. Aliuliza nani amepanda. Na katika riwaya nyingine ya Muslim imekuja kuwa hata kinachoibiwa katika mti ule ni sadaka kwa aliyeupanda. Ikiwa sehemu ya mwizi haipotei katika hesabu ya mpandaji, itapotea vipi sehemu ya mpangaji atakayefuata, au ya mtoto wa mwenye nyumba?

Hapo hoja ya mpangaji inageuka. Yeye alihesabu mti kama mali, akaona hasara. Lakini mali ni kile kinachobaki mkononi, na sadaka ni kile kinachotoka. Mti aliouacha umetoka mkononi mwake, na umebaki katika kitabu chake.

Hata hivyo, tusiishie hapo, maana maneno haya yanaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mnyonge. Yupo mwenye nyumba ambaye akiona uwanja umependeza anapandisha kodi, au anamtoa mpangaji matunda yakikaribia kuiva. Huyo asijifariji kwamba mpangaji amepata thawabu. Thawabu za aliyedhulumiwa hazimsafishi aliyedhulumu. Mwizi wa tunda bado ni mwizi, hata kama mwenye mti ameandikiwa sadaka.

Sheria yetu imeliangalia jambo hili pande zote mbili. Upande wa mpangaji, hana ruhusa kuchimba na kupanda miti katika ardhi ya mtu bila idhini. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mzizi uliopandwa kwa dhulma hauna haki. Basi aombe ruhusa kwanza, na ikiwezekana iandikwe katika mkataba. Upande wa mwenye nyumba, katika madhehebu ya Imam Shafi'i yanayofuatwa na wengi wetu, mti uliopandwa kwa idhini katika ardhi ya kukodi haugeuki kuwa wake kwa sababu tu muda umekwisha. Kama hawakuwekeana sharti la kuung'oa, ana njia za kufuata: aununue kwa thamani yake, auache kwa malipo ya ardhi, au aung'oe na kufidia upungufu. Mpangaji akisema, "Nimekuachia kwa ajili ya Allah," hiyo ni hiari yake. Mtu hutoa kilicho chake. Anayenyang'anywa hajatoa.

Lipo pia suala la utaratibu wa haki. Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja parachichi kwa miaka minne. Yeye ana haki ya leo. Kwa hiyo anayeanza na uwanja mdogo aanze na vinavyowahi: mchicha ndani ya mwezi mmoja au miwili, kisha sukuma wiki, mnafu, maharage na maboga. Katikati ya mboga hizo aweke mche mmoja au miwili ya matunda, mbali na ukuta na mfereji wa jirani, maana katika Uislamu hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mboga zitamlipa kabla mkataba haujaisha. Mti utamlipa aliyetajwa na Mtume (S.A.W.): mtu, ndege au mnyama.

Na wakati wa kiangazi, maji yatatoka wapi? Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyojaa. Nyumba yenye watu watano wanaoswali swala tano, wakitawadhia kwenye beseni badala ya kuacha maji yapotee, watapata cha kunyweshea miche yao bila kumnyima mtu maji ya kunywa.

Wenye nyumba Waislamu nao wanayo nafasi ya kheri. Mruhusu mpangaji wako apande, na umwandikie kuwa hutampandishia kodi kwa sababu ya jasho lake. Hilo halikugharimu chochote, na wewe utakuwa mshirika katika kheri ile.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda basi aupande. Mwenye mche siku hiyo hana matumaini ya kuvuna kabisa, na bado ameambiwa apande. Mpangaji wa Mwanjelwa au Kihesa, ambaye mkataba wake unaisha mwezi wa sita, ana muda zaidi ya huyo.

Wallahu a'alam.