Matambara Yaliyoachwa Pembeni

Jua la Nakuru na mvua ya masika havizipi mbao nafasi. Benchi la saiprasi uliloliweka barazani likiwa na rangi ya asali hugeuka kijivu, kisha linaanza kupasuka. Namsifu anayelipiga msasa na kulipaka mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, badala ya oili chafu ya gereji. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi dukani, nami nimewahi kulikosea.

Mafuta haya hayakauki kama maji. Hukauka kwa kuungana na hewa, na katika kuungana huko hutoa joto. Ubao ukiwa wazi, joto linatoweka. Matambara yaliyolowa yakirundikwa pamoja, joto linabaki ndani, linapanda, na rundo linawaka lenyewe bila kiberiti.

Ndivyo ilivyokuwa Philadelphia, Marekani, jioni ya Jumamosi, 23 Februari 1991. Mafundi walikuwa wakikarabati mbao za ukutani katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, wakaacha matambara yenye mafuta ya linsidi. Kengele ya moshi ilipolia, mhudumu wa jengo alipanda kwanza kuangalia kabla zimamoto hawajaitwa. Lifti ilipofunguka alikutana na moshi na joto. Moto ulipanda ghorofa baada ya ghorofa hadi ya 30, ambako vinyunyizio vya maji vya dari viliuzuia. Ghorofa zilizoungua hazikuwa navyo. Wazimamoto 3 walikufa.

Dalili zilikuwepo: matambara pembeni, kisha kengele. Nasi tunazo zetu. Onyo lipo kwenye mkebe, kwa maandishi madogo. Rundo hutoa harufu kali, na ukiligusa lina uvuguvugu. Mimi niliwahi kuusikia uvuguvugu huo, nikadhani ni jua, nikalisukuma rundo karibu na gunia la maranda. Halikuwaka, lakini si kwa busara yangu.

Ndugu msomaji, ukimaliza kupaka, tandaza kila tambara peke yake nje, mbali na ukuta na nyasi kavu, hadi likakamae. Au lizamishe kwenye maji ndani ya debe la bati lenye kifuniko. Na leo jioni, kabla hujafunga stoo, hebu chungulia pembeni.